Hisa Mia Sita za Kipimo

Nina tabia moja ambayo watu wa nyumbani hawaipendi: siwezi kusoma karatasi bila kuitafutia kosa. Kadi za harusi, risiti za duka la dawa, kibao cha mlangoni kwa daktari wa meno, vyote nimewahi kuvisahihisha kwa kalamu nyekundu. Daktari wa meno alinishukuru, ingawa alinyamaza muda mrefu kwanza. Si kiburi. Au tuseme ni kiburi, lakini nimekifanyia kazi. Nilikuwa msomaji prufu wa gazeti, yaani mkamata makosa kabla halijachapwa, kwa miaka ishirini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo nilishika ukurasa wa tisa. Huo ulikuwa ukurasa wa bei za hisa, ambao wasomaji wengi waliufungia karanga na wachache waliusoma kama barua ya mchumba.

Ukurasa ulikuwa na kampuni arobaini na mbili. Kila kampuni ilikuwa na bei ya jana, bei ya leo na idadi ya hisa zilizouzwa. Tulisoma wawili wawili: mmoja alishika orodha iliyotoka soko la hisa akaisoma kwa sauti, mwingine akafuata ukurasa kwa rula. Na namba haikusomwa kama namba. Ukisema "mia nne na kumi na mbili," sikio lina haraka, linajijazia lenyewe. Sisi tulisema tarakimu moja moja: nne, moja, mbili, nukta, sifuri, sifuri. Mwenye rula akishajibu "sahihi," ndipo mnashuka mstari unaofuata. Chumba kizima kiliniita Bi Nukta, kwa kuwa niliwahi kusimamisha mtambo wa kuchapa kwa ajili ya nukta moja, na sikuomba radhi.

Kaka yangu alilipenda sana jina hilo, kwa sababu yeye mwenyewe aliitwa Kipimo. Alikuwa mchanganya rangi katika kiwanda cha rangi, na hakuna aliyewahi kumwona akimimina kitu kwa kukadiria, hata sukari kwenye chai. Kiwanda kilipoamua kuwauzia wafanyakazi wake hisa, wenzake wengi walicheka wakaenda zao. Yeye akanunua mia sita, kila moja kwa mia na themanini. Fedha hizo zilikuwa za kuezekea vyumba viwili vya nyuma ya nyumba yake. Mkewe, yaani wifi yangu, hakuulizwa. Vyumba vikakaa bila paa hadi kaka akafariki, na wifi yangu ni mtu mwenye kumbukumbu ndefu.

Sasa ni miaka kumi na minane tangu tumzike. Siku zote hizo wifi amekuwa akizitaja zile hisa kama mtu anavyotaja jino bovu, na mimi nilinyamaza. Lakini mwezi uliopita, katika kikao cha familia, alisema mbele ya wajukuu na wakwe kwamba marehemu aliwaachia makapi. Watu wakacheka. Wajukuu nao wakacheka, na hao hawakuwahi hata kumwona. Nilirudi nyumbani siku hiyo sikuweza kula.

Basi Jumamosi moja nilimkuta wifi sebuleni kwake, miwani puani, bahasha mbili mezani. Binti yake, ambaye ni nesi na alikuwa ametoka zamu, alijilaza kwenye kochi, miguu juu ya stuli.

"Umekuja wakati mzuri, wifi," mama yake alisema. "Leo namaliza ujinga wa kaka yako."

Bahasha ya kwanza ilikuwa na barua iliyoletwa kwa mkono na katibu wa chama cha wastaafu wa kiwanda. Kampuni moja kubwa ilitaka kukinunua kiwanda chote, na ilikuwa inawaomba wenye hisa wadogo wauze: hamsini na tano kwa kila hisa, fomu irudishwe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Bahasha ya pili ilikuwa ya plastiki. Ndani yake kulikuwa na hati ya hisa, mia sita, yenye mhuri. Kulikuwa pia na kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai. Kilikuwa ukurasa wangu wa tisa. Kaka alikuwa amezungushia mstari mmoja kwa wino wa bluu, 412.00, na pembeni akaandika kwa zile herufi zake zilizonyooka: *Tumevuka mia nne!*

"Ona," wifi alisema. "Mia nne na kumi na mbili. Leo hamsini na tano, na hiyo ni bei ya kubembelezwa, maana sokoni ni arobaini na nane. Alitoa laki moja na elfu nane, mimi narudishiwa elfu thelathini na tatu. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuiona ya kaka yako."

"Usimseme marehemu."

"Mimi simsemi. Namba ndizo zinamsema. Nitasaini, na hiyo ndiyo itakuwa hesabu yake ya mwisho."

Nilihisi roho inanipanda. Kaka yangu alipima kila kitu maishani mwake, na sasa alikuwa anakwenda kufungiwa daftari kama mtu aliyebahatisha.

Nesi ndiye aliyeinuka. "Ngoja kwanza, mama. Siku hizi bei za zamani zote zipo kwenye simu." Akafungua ukurasa wa soko la hisa, akatafuta kiwanda cha rangi, na tazama, siku zote za miaka ishirini na tano zilikuwa pale, kila siku na bei yake ya kufunga. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja uliopanda na kushuka kutoka upande huu wa kioo hadi ule.

"Kama chati ya homa," alisema, akiufuata kwa kidole. Kisha akakunja uso. "Lakini mama, huyu mgonjwa hakuanguka popote. Kama bei ilitoka mia nne ikafika arobaini na nane, lazima pangekuwa na shimo mahali. Mimi sioni shimo."

"Angalia tarehe ya gazeti," wifi alisema.

Akaangalia. Akaangalia tena. "Tarehe ni ile ile. Arobaini na moja nukta mbili sifuri." Akacheka kwa uchovu wa mtu wa zamu. "Shangazi, gazeti lenu lilikosea nukta! Baba wa watu akashangilia mia nne ambayo haikuwepo."

Nilikuwa nimeshasimama, sijui nilisimama saa ngapi.

"Gazeti gani lilikosea? Ukurasa huo niliushika mimi. Mimi! Tulikuwa wawili, orodha na rula, tarakimu moja moja. Hiyo nne unayoiona hapo niliisikia kwa masikio yangu, na moja, na mbili, ndipo nukta. Usiniletee habari za simu."

"Samahani, shangazi. Nimeuliza tu." Kisha, bila ubaya wowote, akaongeza, "Kwani hukuwahi kukosea hata siku moja? Miaka kumi na moja yote?"

"Lete hiyo simu," nilisema.

Nilianza na tarehe za karibu na ile ya gazeti. Zote zilikuwa hivyo hivyo: arobaini na kitu, pale ambapo nilikumbuka mia nne na kitu. Nikarudi hadi mwaka kaka aliponunua. Simu ilisema kumi na nane, yeye alinunua kwa mia na themanini. Hilo si kosa la nukta moja iliyoteleza. Aliyekosea, kama yupo, alikosea kila siku kwa miaka kadhaa, na kila mara kwa kiasi kile kile.

Hapo nilijua. Nikamwambia nesi aende mwaka uliofuata kifo cha baba yake, mwezi wa tatu, tarehe kumi na nne.

"Kwa nini tarehe hiyo?"

"Nenda tu, mwanangu."

Tarehe kumi na tatu: 43.10. Tarehe kumi na nne: 43.50. Zimefuatana kama watoto kwenye mstari wa shule, hakuna hata mmoja aliyesukumwa. Siku iliyonivunja mimi ilikuwa imelainishwa pale kwenye kioo, huwezi kujua kwamba palitokea kitu. Na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo ambazo hazisomwi na mtu yeyote isipokuwa watu wa aina yangu, paliandikwa: *Bei zote zimerekebishwa kufuatia mgawanyo wa hisa.*

"Wifi," nilisema, "usisaini kwanza."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumwambia palepale. Sentensi tatu zingetosha. Badala yake nikasema, "Nipe hadi Jumatatu. Simu haijakosea, na gazeti halijakosea."

Wifi akavua miwani. "Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema. "Huyo ni kaka yako, lazima umtetee. Mimi sitaki maneno, nataka karatasi. Ukileta karatasi nitasoma."

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekeze nani.

Acha niseme sasa kilichotokea tarehe kumi na nne, kwa sababu sijawahi kumsimulia mtu.

Jioni ile orodha kutoka soko la hisa ilichelewa. Ilipofika, mtambo ulikuwa unatungoja na mhariri alikuwa mlangoni akitazama saa. Mwenzangu alisoma, mimi nikashika rula. Tulipofika kiwanda cha rangi akasema, bei ya jana, nne, tatu, moja, nukta, sifuri, sifuri. Sahihi. Bei ya leo, nne, tatu, nukta, tano, sifuri. Nikamsimamisha. Kampuni nzima haiwezi kutoka mia nne na thelathini na moja hadi arobaini na tatu kwa siku moja, isipokuwa kiwanda kimeungua, na kingeungua ningeambiwa. Nikasema karani wa soko ameteleza, nukta imekaa mahali pasipo pake. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: ukiwa na shaka, piga simu sokoni. Mwenzangu alinikumbusha. Mimi nikamwambia, "Nani ana shaka?" Nikaihamisha nukta kwa mkono wangu mwenyewe. Gazeti likatoka na 435.00.

Kumbe kiwanda kilikuwa kimegawa hisa zake. Kila hisa moja ilikuwa imekatwa kuwa kumi, na bei ya kila kipande ikawa sehemu ya kumi. Wenye hisa waliandikiwa barua mwezi mzima kabla, soko lilitoa tangazo, na tangazo hilo lilikuwa juu ya meza yangu chini ya kikombe. Kesho yake simu hazikupumua. Watu walikuwa na hisa mara kumi na gazeti likiwaambia kila moja ni mia nne na zaidi. Mzee mmoja alishaanza kumwaga zege la ghorofa. Siku ya tatu ukatoka mraba mdogo, ukurasa wa pili, chini: *Masahihisho.* Jina langu halikutajwa, lakini nani asiyejua ukurasa wa tisa ni wa nani? Nilipewa barua ya onyo. Nikaomba mwenyewe kuhamia ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa sababu marehemu hawapigi simu kulalamika. Tangu siku ile sikuwahi tena kuitazama bei ya kiwanda cha rangi.

Na sikuwahi kumuuliza wifi kama barua ya mgawanyo ilimfikia. Hili ndilo linaloniuma. Nilijiambia imemfikia, kila mwenye hisa aliandikiwa. Lakini ukweli ni kwamba nikimuuliza, naye angeniuliza nimejuaje, na hapo ningelazimika kusimulia. Basi nikakaa kimya miaka kumi na saba, huku kaka yangu akiitwa mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nililinda sifa yangu kwa sifa yake. Nilipolielewa hilo, asubuhi ya Jumapili, niliketi kitandani nikalia, halafu nikapiga magoti nikavuta sanduku.

Nilijua lilipo gazeti. Mtu anayeficha kitu hasahau mahali. Lilikuwa chini ya mashuka, ndani ya mfuko wa karatasi. Sikulikata wala sikulichana, kwa kuwa tuliofanya kazi ile hatuchani gazeti. Lile la kosa na lile la masahihisho, yote mawili yalikuwepo.

Jumatatu saa mbili na dakika moja nilipiga simu soko la hisa. Msichana aliyepokea aliuliza kwa upole anisaidie nini. Nilimwomba anithibitishie tarehe ya mgawanyo wa hisa za kiwanda cha rangi, na kwamba ni moja kwa kumi. Alithibitisha. Nikamshukuru, nikamwambia nilipaswa kupiga simu hii zamani kidogo. "Haina shida, mama, hata sasa ni mapema," alisema.

Wifi alikuwa ameshajaza fomu. Ilikuwa mezani, kwa wino, mahali pa idadi ya hisa ameandika 600, bado sahihi tu. Nesi alikuwa anachemsha maji jikoni.

Niliweka magazeti mawili juu ya fomu.

"Umesema unataka karatasi," nilimwambia. "Hizi hapa. Hili ni kosa langu, na hili ni gazeti likiniombea radhi."

Alisoma mraba wa masahihisho, akaukuta ukurasa wa tisa, akalinganisha. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Wewe?" alisema. "Bi Nukta?"

"Mimi."

"Wewe uliyesahihisha kadi ya harusi ya binti yangu mbele ya mchungaji wake?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, akafuta machozi kwa kitambaa cha mezani, akaanza tena. "Mkuki kwa nguruwe!" alisema alipopata pumzi, wala hakumalizia, maana alinionyesha mimi kwa kidole na methali ikajimaliza yenyewe. Nesi alitoka jikoni na kijiko mkononi kuuliza nani amefurahi hivi. Nilisimama pale nikachekwa. Nilikuwa nimekiogopa kicheko hicho kwa miaka kumi na saba, na kilipokuja kilikuwa kicheko tu, hata kiti hakikuanguka.

"Sasa nisikilize," nilisema aliponyamaza. "Kaka alifanya kazi gani?"

"Rangi. Unaniuliza mimi?"

"Chukua debe moja la rangi. Limimine kwenye makopo kumi. Bei ya kopo moja itakuwa sawa na ya debe?"

"Itakuwaje sawa? Ni sehemu ya kumi."

"Na rangi je? Imepungua?"

"Rangi ni ile ile."

"Basi mwaka uliofuata kifo chake, kiwanda kilimimina debe kwenye makopo. Hisa moja ikawa kumi. Simu ya binti yako inazihesabu hata bei za zamani kwa makopo, ili mtu alinganishe kopo na kopo. Gazeti la kaka lilihesabu kwa debe, kwa sababu siku ile yalikuwa bado madebe. Ndiyo maana hakuna shimo kwenye chati. Hakuna kilichoanguka, wifi. Wewe umekuwa unapima kopo kwa bei ya debe."

Nesi ndiye aliyefika kwanza. Alivuta simu, vidole vikienda mbio. "Kwa makopo, baba alinunua kwa kumi na nane. Leo ni arobaini na nane, na hao wanatoa hamsini na tano." Akashuka chini kidogo. "Na miaka miwili iliyopita ilifika sitini na saba. Kumbe hata hii ya kubembelezwa si ya kukimbilia." Halafu akaitazama ile hati yenye mhuri kwenye plastiki. "Shangazi. Hii hati ni ya kabla ya mgawanyo. Hizi mia sita ni…"

"Ni madebe," nilisema.

Wifi aliichukua fomu, akaitazama ile 600 aliyoiandika kwa mkono wake, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe. Hisa mia sita zingeuzwa Ijumaa, na nyingine zingebaki huko zinakokaa, bila mwenyewe.

"Barua walituma wapi?" aliuliza.

"Sanduku lake la posta."

"La kiwandani. Lilifungwa walipohama." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Twende."

Ofisi ya msajili wa hisa ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vioo. Ilikuwa na viti vinne vya chuma na dirisha lenye karani kijana aliyevaa tai fupi. Nesi alibeba karatasi za mirathi. Wifi aliipitisha hati chini ya kioo kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga. Karani aliigeuza mbele na nyuma.

"Hizi za zamani sana, mama. Zilikuwa za nani?"

"Za mume wangu," wifi alisema. Akasimama wima. "Alikuwa mchanganya rangi. Alijua anachofanya."

Alilisema kwa sauti ya kusikika hadi ngazini. Mtu aliyekuwa akisubiri nyuma yetu aliinua kichwa kwenye gazeti lake. Mimi nilimtazama karani, kwa sababu nisingeweza kumtazama wifi. Nilimjivunia yule mtu wa vipimo, na kusema kweli nilimjivunia na mkewe pia.

Karani alibonyeza kompyuta yake, akangoja, akabonyeza tena. "Ipo," alisema. "Na kuna magawio ya faida ya miaka yote hii yalirudi kwetu kwa kukosa anwani. Hayo mtajaza fomu yake. Kwanza nawatolea taarifa ya hisa mhakikishe." Mashine ikatema karatasi moja. Akaipitisha chini ya kioo.

Wifi aliipokea, akataka kunipa. Nikakataa. Nilifungua mkoba nikatoa rula yangu, ile ile ya mbao, iliyochakaa pembe. Nikaichukua fotokopi ambayo nesi aliitoa ya ile hati, na chini ya mia sita nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu hesabu niliyoitarajia. Nikaweka rula chini ya mstari.

"Soma, wifi."

"Nisome nini, si unaona mwenyewe?"

"Tunasoma wawili wawili. Tarakimu moja moja, usiruke."

Karani alitaka kusema neno, nesi akamwashiria anyamaze, kidole mdomoni.

"Sita," wifi alisoma.

"Sahihi."

"Sifuri."

"Sahihi."

"Sifuri."

"Sahihi."

Akasimama hapo. Hadi hapo palikuwa ni mia sita tu, ile ile aliyoishi nayo. Akaishika karatasi kwa mkono wa pili pia.

"Endelea," nilimwambia. "Mstari haujaisha."

"Mbele ya wajukuu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimsema mbele ya wajukuu, wifi."

"Jumapili watakuja wote. Utawasomea hivi hivi, na mimi nitashika rula."

Akavuta pumzi, akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Sifuri," alisema.

"Sahihi."